Mama Shalom Iko Bulaya

Valizi ilikuwa ya kuazima, na ndani yake hamkuwa na kitu ila blanketi kuukuu lililokunjwa ili mtu akiishika asione kwamba ni nyepesi. Bibiane aliifuta vumbi, akaisimamisha karibu na mlango, akarudi chumbani kufunga kilemba.

"Unaenda nayo ku kanisa juu ya nini?" aliuliza Cyrille, mumewe, akiwa kizingitini na kikombe chake cha chai. "Mungu hajue kama unatafuta safari? Inapashwa aone valizi kwanza?"

"Pasta alisema niilete, Papa Shalom."

"Pasta njo anatumika ku consulat, njo anatoaka viza?"

Cyrille alivunja mawe ya chokaa kiwandani kule Kakontwe mpaka kifua kikamgomea, na tangu arudishwe nyumbani alibaki na shughuli mbili tu, kukohoa na kusema maneno ambayo hakuna aliyemwomba ayaseme. Asubuhi hiyo Bibiane hakutaka kuyasikia. Alikuwa na moyo mweupe na hakutaka mtu auchafue.

Shalom, mtoto wao wa pekee, alikuwa Ulaya, na alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza, mtoto alitoka bila kulia. Shalom alimzika peke yake, bila ndugu, mfanyakazi mmoja wa hospitali akimshikia mwavuli. Bibiane aliyasikia yote hayo kwa simu akiwa sokoni, huku mteja anambonyeza begani akiuliza bei ya samaki. Mara hii baba wa mtoto alikuwa ameshachukua nguo zake na kuondoka, na madaktari walikuwa wamesema Shalom atapasuliwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. "Mama, sipende kuzala tena peke yangu," alisema, kisha akakata simu ili mama yake asimsikie akilia. Bibiane alikuwa ameshamsikia.

Hakuwa anaitaka Ulaya. Alitaka kuchemsha maji, amkande binti yake tumbo, ambebe mjukuu mpaka kitovu kidondoke, kisha arudi kwenye meza yake ya samaki. Mwezi mmoja ungetosha.

Kanisa lao lilikuwa hangari la zamani karibu na reli. Pasta Exaucé, kijana mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alimwita mbele na kumtaka aivute valizi kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Magurudumu yakalia juu ya sakafu ya simenti, na watu wakasimama kupiga makofi.

"Ndugu zangu!" Pasta alipangusa jasho. "Kutoka leo sipende kusikia mutu anasema Mama Shalom ataenda. Ataenda ni luga ya mashaka! Mwenye imani anasema: Mama Shalom alisha kwenda!"

"Alisha kwenda!" watu wakaitika.

"Mutu akikuuliza, iko wapi?"

"Iko Bulaya!"

"Atarudia mu mateso ya Likasi?"

"Hatarudia! Mu jina ya Yesu!"

Bibiane alilia machozi ya furaha. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Georgette, ambaye meza yake sokoni ilipakana na yake. Ibada ilipokwisha Bibiane alimshika mikono yote miwili.

"Mama Georgette, Pasta anasema mwenye alisha kufika Bulaya haiwezi kuonekana anauzisha samaki. Nitakuachia meza. Na mutu akiuliza, hata nani, weye ujibu vile tulisema. Usinivunjie imani."

"Minye?" Georgette alicheka. "Hata malaika akishuka aniulize, nitamujibu vile vile tu."

---

Pesa za ada ya viza, picha, bima na nauli ya basi zilitokana na mabati. Yalikuwa yameegeshwa nyuma ya nyumba tangu kiangazi, yakingoja fundi aje kuezeka upande wa chumba cha kulala, na Cyrille ndiye aliyeyanunua kwa malipo yake ya mwisho ya kiwandani. Alimtazama mnunuzi akiyapakia kwenye mkokoteni. Baadaye alisema, "Mvua ikikuja, tutasema mu imani kama hainyeshe."

Fomu zilijazwa na Ruphin, mwenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi mbele ya posta. Ruphin alikuwa ameshawajazia watu wengi, na alijua wangapi walikwenda na wangapi walibaki, ila hakupenda kuulizwa.

"Mama, kule usiongeaka mambo ya kanisa," alimwonya. "Beko banaogopa kitu moja tu: kama hautarudia. Donc, sema bwana, sema kazi, sema nyumba. Na inapashwa namba ya mutu wa pa kazi yako, mwenye anaweza kuhakikisha kama unatumika kweli."

"Andika ya Mama Georgette. Yeye iko pa meza kila siku."

Ruphin akaandika.

Kituo cha kupokea maombi kilikuwa Lubumbashi, ndani ya jengo lenye vioo na ubaridi wa mashine. Mlinzi alimnusa kabla ya kumpekua. Bibiane alikuwa ameoga mara mbili na kujipaka mafuta, lakini mtu aliyeuza samaki wa kukausha maisha yake yote haachwi na harufu kwa sababu ya sabuni ya siku moja. Dada wa dirishani alizirudisha picha zake kwa sababu kilemba kilifunika masikio. Bibiane alitoka nje, akapigwa nyingine na kijana aliyekaa mlangoni kwa ajili ya watu kama yeye na aliyetoza mara tatu ya bei ya Likasi. Aliporudi, kichwa wazi, alijiona kama amevuliwa nguo mbele ya watu.

Kisha vidole. Miiba ya samaki ilikuwa imevichana miaka mingi, na mashine ilikataa kuvisoma. "Appuyez, mama. Bonyeza! Bonyeza nguvu!" Alibonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. Mashine ilipokubali, dada yule alichukua karatasi laini na dawa ya kupuliza, akapangusa kioo, mbele yake, polepole, kabla ya kumwita mwingine. Bibiane aliona aibu ikimpanda shingoni, na aliona aibu zaidi kwa sababu alimwambia asante.

"Na nini itakurudisha huku?" dada aliuliza kwa Kiswahili alipokuwa anafunga faili.

"Bwana yangu iko na kifua, hawezi kubaki peke yake. Meza yangu iko pa soko. Na minye sipende baridi, mwanangu. Mutoto akishatoka salama, narudia."

Yule dada akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaandika kitu. Katika basi la kurudi Likasi Bibiane alilikumbuka tabasamu lile njia nzima, akalihesabu kuwa ishara njema.

---

Zikaja siku za kukaa ndani. Mtu aliyeko Ulaya hawezi kwenda kuchota maji bombani saa sita mchana, basi Bibiane alikwenda alfajiri, uso ameufunika kwa kitenge. Georgette alimletea mauzo jioni. Nguo zake zilinuka samaki wa bwawa la Mwadingusha, na Bibiane aliyekuwa ameona aibu kwa harufu ile kule Lubumbashi sasa aliivuta puani kwa hamu.

Cyrille hakuacha utani wake. Jirani alipopita na kuuliza hali, alijibu kwa sauti ili mkewe, aliyekuwa jikoni akipika kisamvu, asikie. "Bibi yangu iko Bulaya, wee! Eko anapika sombe. Sombe ya Bulaya, ngoja uonje."

"Utatuharibia, Papa Shalom," Bibiane alimnong'oneza.

"Nitaharibu nini? Mukuni iko Likasi, nyungu iko Likasi, njala iko Likasi. Ni weye tu njo uko Bulaya."

Hata hivyo, Bibiane alimkuta siku moja akizipiga pasi suruali zake na nguo za Shalom za utotoni. Alisema anataka mkewe ampelekee mjukuu kitu cha nyumbani. Alikunja gauni dogo la manjano, akaliweka mwenyewe ndani ya valizi, juu ya lile blanketi, na akakohoa muda mrefu ili asiulizwe.

---

Pasipoti ilirudi siku ya kwanza ya mvua kubwa. Ruphin aliileta mwenyewe, na Bibiane alipomwona mlangoni ameloa, hataki kuketi, alijua. Mtu mwenye habari njema hakatai kiti.

"Soma," alisema Cyrille.

Karatasi ilikuwa na vyumba vidogo vya kutia alama, na viwili vilikuwa na alama. Ruphin alisoma Kifaransa kwanza, haraka haraka, kisha akakitafsiri akiitazama sakafu.

"Banasema habaamini kama utarudia. Na tena banasema... mambo yenye uliandika juu ya kazi yako, balijaribu kuyahakikisha, baliona si ya kweli."

"Si ya kweli?" Bibiane alisimama. "Meza yangu si ya kweli? Samaki si ya kweli? Niliwaambia nitarudia! Ule mutoto wa dirisha alicheka na minye, aliandika!"

"Mama, haiko yeye njo anakata maneno."

"Na makuta yenye tulilipa?" Cyrille aliuliza.

"Hairudishwake, papa."

Cyrille aliichukua karatasi, akaigeuza upande wa nyuma, kana kwamba huenda huko kuna neno jingine. Hakukuwa na kitu. "Donc tuliuzisha mabati," alisema taratibu, "juu batuambie kama bibi yangu ni mutu wa bongo, wa kudanganya." Maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini, juu ya kitanda chao, na hakuna aliyeondoka kwenda kutafuta beseni.

Bibiane alimshika Ruphin mkono. Tuombe tena, alisema. Ruphin akamweleza: kulipa upya, kupanga foleni upya, kungoja upya, na mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Aliyasema kwa upole, lakini aliyasema yote.

---

Georgette alifika jioni hiyo hiyo, mvua ilipopungua, na beseni la samaki kichwani. Aliingia akiimba. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

"Mama Shalom, leo siwezi tena kungoja!" alisema, akitua beseni. "Niko na ushuhuda. Nilitaka kwanza viza itoke, kiisha niitoe mbele ya kanisa, lakini inaniwasha mu kifua. Ile wiki yenye ilipita, consulat walinitelefoni!"

Cyrille aliinua kichwa.

"Mwanamuke, français ya juu, anaweka na Kiswahili kidogo. Anauliza: 'Madame Bibiane, eko anatumika hapa pa soko?' Nikaona, aa! Hii ni mutihani ya imani. Moyo inapiga! Nikamujibu: 'Madame Bibiane? Alisha kwenda Bulaya!' Anauliza: 'Alienda na viza gani?' Namuambia: 'Viza ya Mungu!' Kiisha anauliza: 'Na atarudia wakati gani?'" Georgette alisimama wima, mkono juu, kama alivyosimama siku ile katikati ya soko. "Nikapiga makelele bote basikie: 'Hatarudia tena hapa, mu jina ya Yesu!' Na bamama bote ba ku meza banaitika: Amen! Anakata simu. Minye najua, imani ilimushinda."

Alibaki ameinua mkono, akingoja kukumbatiwa.

Cyrille aliiweka karatasi mezani. Alianza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa meza. Georgette alimtazama, akamtazama Bibiane, akaiona pasipoti na karatasi juu ya meza. Mkono ukashuka wenyewe.

"Balikatala?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Bibiane alimchukia. Kwa muda mfupi alimchukia Georgette kuliko alivyopata kumchukia mtu yeyote. Alitaka kulipindua lile beseni, kumvuta kilemba, kumtoa nje ya uwanja kwa matusi ambayo mwanamke aliyeokoka hatakiwi hata kuyajua. Kisha akaikumbuka mikono ya Georgette ndani ya mikono yake, pale kanisani. Hata nani, alikuwa amemwambia, usinivunjie imani. Sauti iliyosema hivyo ilikuwa yake mwenyewe, wala si ya Pasta.

"Ulijibu vile nilikuambia," alisema, akaketi.

Georgette alipiga magoti. Alilia, akajipiga mapaja kama watu wafanyavyo msibani, kisha akatoa simu yake kifuani. "Namba yabo iko humu. Nitabaambia. Ngoja, nitabaambia ukweli!" Akapiga. Simu iliita, ikapokelewa na mashine iliyosema Kifaransa cha taratibu, ikamwambia abonyeze moja, abonyeze mbili. Georgette hakujua abonyeze nini.

"Mama Shalom iko hapa!" alipaza sauti ndani ya simu. "Munasikia? Iko hapa na shiye! Haiko Bulaya, njo huyu mbele yangu, iko na bwana, iko na meza! Atarudia! Tafazali, mama, atarudia!"

Mashine ilimwacha amalize, ikarudia tangu mwanzo, moja, mbili. Kisha salio likaisha.

---

Pasta Exaucé alipopelekewa habari hakushtuka. Aliuliza kama nyumbani kwao hakukuwa na mtu mwenye mashaka, mtu wa kufanya mzaha na mambo ya Mungu, maana tundu moja tu linatosha kumwaga mafuta yote. Bibiane alijua anamsema nani. Aliondoka bila kungoja maombi, na njiani alikumbuka gauni la manjano ndani ya valizi.

Kumwambia Shalom kulikuwa kugumu zaidi. Alijifungia chumbani, mabeseni yakikinga maji huku na huku, akamweleza kila kitu isipokuwa simu ya Georgette. Hakuthubutu. Angemwelezaje mtoto aliyezika peke yake kwamba mama yake amezuiwa na Amen?

"Haina maneno, mama," Shalom alisema.

"Utapata nani, mwanangu?"

"Haina maneno." Alilisema mara ya pili polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto, na hilo ndilo lililomuumiza Bibiane. Yeye ndiye aliyepaswa kutuliza.

Wiki ile alirudi kwenye meza yake. Georgette alikuwa ameshaifuta na kuipangia samaki, naye akahamia upande wake bila kuinua macho. Wateja walimshangilia. "Mama Shalom! Ulisha kurudia Bulaya? Ulituletea nini?" Mmoja alimtania kwamba hata rangi yake imekuwa nzuri, baridi ya huko imemfaa. Bibiane alipima samaki, akafunga, akatoa chenji. Alijibu watu wote kwa kicheko kimoja kile kile, na jioni mashavu yalimuuma.

Simu ikalia siku ya tatu baada ya siku waliyoambiwa. Siku hizo tatu Bibiane na Cyrille walikuwa hawali bukari, ule ugali wa kwao, wanaikodolea macho tu mpaka inakuwa ngumu. Kwenye kioo walimwona Shalom amelala, uso umevimba, na kwenye kwapa lake kitu kidogo chenye kofia nyeupe.

"Analia?" Bibiane aliuliza kabla ya salamu.

"Analia sana, mama. Ni mwanamuke."

Cyrille alilazimika kutoka nje. Bibiane alimsifu Mungu, akalia, akacheka, akauliza kama amekunywa kitu cha moto, kama tumbo limefungwa vizuri. Shalom alijibu yote. Nyuma yake mwanamke mnene mwenye nywele za mvi alikuwa anakunja nguo ndogo, mtu wa huko, jirani yake wa ghorofa ya chini. Alimpungia Bibiane mkono.

"Ni yeye njo alibakia na minye," Shalom alisema. "Siku ya kupasuliwa alinishika mukono mpaka nikalala. Ni yeye alikuwa wa kwanza kumubeba mutoto."

"Umuambie asante. Muambie sana." Bibiane alijikaza. Kwao mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la bibi yake, mama wa mama. Shalom mwenyewe alikuwa ameliahidi jina hilo tangu mimba ikiwa changa, na Bibiane alikuwa ameanza kumwita mtoto ndoyi, wajina wake, alipozungumza naye usiku kwa simu ambayo Shalom aliiweka juu ya tumbo. "Na ndoyi yangu, beko banamuita vipi kule? Banaweza kusema jina ile muzuri?"

Shalom alimrekebishia mtoto kofia, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Mama, nilimuita Michelle."

Yule mwanamke wa nyuma, aliposikia jina lake, aligeuka na kutabasamu.

"Yeye njo alikuwa hapa, mama," Shalom alisema.

"Ni jina muzuri," alisema Bibiane. "Ni jina muzuri sana."

---

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na valizi, kwa kuwa aliyewaazima aliitaka irudishwe, naye alisali hapo. Pasta Exaucé aliiona na uso wake ukang'aa. Akamwita mbele. Akawaeleza watu kwamba Mungu amejibu, mtoto amezaliwa mzima, na viza ni kitu kidogo, ni karatasi ya wanadamu.

"Mama Shalom, weye ni mama ya imani!" Alimpa kipaza sauti. "Sema na shiye bote: nilisha kumubeba mujukuu yangu! Sema: nilisha kumubeba!"

"Alisha kumubeba!" watu wakaanza, na makofi yakapanda.

Bibiane alingoja mpaka yakatulia. Katika safu ya tatu Georgette alikuwa amefunika uso kwa mikono. Mlangoni, mahali asipokanyaga kamwe, alisimama Cyrille, kofia mkononi, amekuja kumsaidia kubeba valizi.

"Minye ni Bibiane, bibi ya Cyrille," alisema. "Ninauzisha samaki pa soko. Mujukuu yangu sikumubeba. Alimubeba mwanamuke moja wa kule, njo maana iko na jina yake."

Pasta alinyoosha mkono achukue kipaza sauti. Bibiane akakivuta kifuani kwake.

"Bulaya sikuendaka. Kwa hiyo nabaomba, ndugu zangu, nabaomba sana. Mutu akitelefoni tena, mumuambie niko hapa."